Nilimchongea kaka yangu

Ami, assalaam alaykum.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba yetu hapa Langoni, Lamu, simu mkononi, mama amelala ndani. Nina miaka 41, niliachwa zamani, naishi na mama. Ni mhudumu wa afya ya jamii. Mwanzo tulikuwa twajitolea bure, siku hizi twapewa mkoba wenye kipima presha na kipima joto, na posho kidogo. Kazi hiyo ndiyo iliyonitia kwenye haya.

Kaka yangu ni mtu wa vyombo. Kabla ya korona alikuwa na boti yake, akichukua samaki na kamba Faza na Kizingitini, akipeleka Mombasa, akirudi na unga, mafuta ya kupikia, sabuni, chochote alichoagizwa na wenye maduka. Mashine yake ilikuwa Yamaha ya hosipawa 40. Aliinunua kwa mkopo, na si mkopo wa benki, ni wa mtu.

Mwezi wa nne 2020 alikuwa Mombasa, Mji wa Kale, amefunga pale bandari ya zamani akingoja mzigo. Ikatangazwa kwamba kuanzia tarehe 8 hakuna kutoka wala kuingia Mombasa, Kilifi na Kwale. Akakwama. Alilala chomboni karibu wiki tatu. Kila usiku alinipigia simu: leo nimekula mkate na chai, leo nimekunywa chai tu. Samaki aliwauza bei ya maji. Kamba hawakuwa na mnunuzi, ndege zilikuwa hazipai. Pesa zikamwishia.

Ramadhani ilikuwa haijafika hata wiki. Saa tisa usiku niko jikoni napasha wali wa daku, nikasikia mtu akibisha mlango kwa kucha, taratibu, kama paka. Alikuwa yeye. Amelowa hadi kiunoni, ananuka petroli na chumvi, mfuko wa unga begani, na katoni ya tende iliyorowa upande mmoja. Alishukia Kipungani, akaja mjini usiku huo kwa miguu. Kusi ilikuwa imeshaanza, akasema, upepo umemleta mgongoni njia nzima. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshaingia chumbani kwa mama, amembusu mkono, kisha kichwa. Mama ana pumu na sukari. Mimi nimesimama na mwiko.

Wakati anakula akanieleza kwamba hakuja peke yake. Alileta abiria wanne, kila mmoja alimlipa elfu tatu. Mmoja alikuwa akikohoa tangu walipotoka. Kaka akacheka: kikohozi cha baharini hicho.

Ami, wiki mbili kabla ya hapo tulikuwa tumeitwa mafunzo, tumekalishwa viti mbalimbali, tumeambiwa yeyote atakayeingia kutoka Mombasa, Nairobi au ng'ambo tutoe habari. Hatukuambiwa isipokuwa ndugu yako. Nilikwenda chumba cha juu nikakifagia, nikatandika kitanda, nikaweka jagi la maji na ndoo. Nilidhani watakuja watu wawili na barakoa, wamwambie akae humo siku 14. Hilo la kitanda sijamwambia mtu mpaka leo. Baada ya alfajiri nikapanda darini nikapiga simu.

Walikuja saa nne asubuhi. Watu wa mavazi meupe kichwa mpaka mguu, na askari wenye bunduki. Wakamtoa na kikoi na fulana, miguu mitupu, wakampitisha Usita wa Mui hadi gatini mchana kweupe. Watu madirishani, watoto nyuma wakipiga kelele "korona! korona!" Afisa mmoja akamwambia, mbele yangu, "Mshukuru dada yako."

Alikaa karantini bara siku 14, kwa shilingi elfu mbili kwa siku. Alipimwa mara mbili, hana kitu. Mama akapimwa, hana kitu. Mwezi wa tano ikatangazwa kwamba serikali itabeba gharama hizo, lakini sisi tulikuwa tumeshakopa na kulipa, na hakuna kilichorudi. Alipotoka, mwenye deni lake alikuwa anamngoja. Mashine ikauzwa nusu ya bei. Boti bila mashine ikawa ya kukaliwa na kunguru, nayo ikauzwa.

Tangu hapo ni kibarua kwenye vyombo vya watu. Haingii nyumbani nikiwapo. Idi humpa mama mkono mlangoni akaondoka. Sasa binti yake wa kwanza anaolewa mwezi ujao, na mama amesema hatakanyaga harusini kama watoto wake wawili hawasemezani. Nimetuma watu. Jawabu lake: "Aje aseme mbele ya watu kwamba alikosea."

Mwenzangu wa kazini ananiambia nisithubutu. Ukisema ulikosea, asema, ugonjwa mwingine ukija hakuna atakayetoa habari ya mtu. Lakini mpox ilipoingia Kenya 2024 tukatumwa nyumba kwa nyumba, mama mmoja alinizuia mlangoni: "Wewe usiingie, utatuchongea."

Je, nilikosea? Na nikiomba radhi, naomba radhi kwa lipi?

Dada wa Langoni, Lamu

—

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Nianze na kile chumba cha juu. Sentensi hiyo nimeisoma mara tatu. Mwezi wa sita mwaka ule, wiki sita hivi baada ya kaka yako kupitishwa Usita wa Mui, Wizara ya Afya ilitoa utaratibu wa watu wasio na dalili nzito kutengwa na kuuguzwa majumbani mwao. Chumba chake, choo chake, sahani yake. Kwa maneno mengine, jagi lako na ndoo yako. Wewe uliliona usiku ule na mwiko mkononi. Shida ni kwamba ulikuwa na wazo la sawa, ukalikabidhi kwa watu waliokuwa na chombo kimoja tu cha kazi, nacho ni bunduki.

Sasa swali lako la kwanza. Kuogopa hukukosea. Wengi watakwambia leo kwamba ilikuwa kelele tu, kwa kuwa vipimo vyake vilitoka safi. Mtu akivuka mkondo wa Shela usiku bila taa akafika salama, haina maana taa haina kazi. Uamuzi hupimwa kwa yale mtu aliyokuwa akiyajua saa ile, na saa ile mlijua hivi: ugonjwa unaambukizwa na mtu asiyejihisi mgonjwa, dalili zaweza kuchelewa hadi siku 14, chanjo hakuna (shehena ya kwanza iliingia Kenya Machi 2021, karibu mwaka mzima baadaye), na ndani ya nyumba kuna mwanamke mwenye pumu na sukari. Na kaka yako hakutoka pahali popote tu. Alitoka Mji wa Kale. Kumbuka kilichotokea tarehe 6 Mei, siku chache baada ya yeye kung'oa nanga: serikali ilifunga mitaa miwili nchi nzima kwa kuwa maambukizi yalikuwa yamezidi, Eastleigh kule Nairobi, na Mji wa Kale wa Mombasa. Palepale alipolala wiki tatu. Kwa hiyo mtu akikuambia ulimchongea kwa ujinga, mpe tarehe hiyo.

Kisha wale abiria wanne. Nakuambia hili kwa sababu naona umeliandika haraka ukalipita, kama anayeficha aibu ya ndugu. Kaka yako angekuja peke yake, ningesema ni mtu mwenye njaa aliyerudi kwao, na kosa lake ni dogo. Bahari yake, roho yake. Lakini alichukua elfu 12 kuleta watu wanne, mmoja anakohoa, akawaachia Kipungani usiku waende kwenye nyumba nne ambazo hazikuulizwa. Watoto wa nyumba zile, wazee wa nyumba zile, hawakulipa nauli wala hawakupanda chombo. Hilo naye analo la kujibu, na kama mimi ningekuwa barazani siku hiyo ningemuuliza.

Hapo nimemaliza kukutetea.

Kaka yako alifungiwa na tangazo, na tangazo halikusema atakula nini. Sisi huku Malindi nasi tulifungwa tarehe ileile 8, Kilifi nzima, tukafunguliwa mwanzo wa Juni, kwa hiyo naongea nikijua. Hapa mambo yalikuwa yameshaharibika hata kabla, maana mji huu unakula na Wataliano, na Italia yote ilijifungia tarehe 9 Machi. Hoteli zikazima taa moja baada ya nyingine. Vijana wa ufuoni wanaojua Kiitaliano kuliko Kiingereza nikawaona wanasukuma mikokoteni ya makaa.

Nina jirani muuza mishikaki. Kafyu ilikuwa saa moja usiku. Jua linatua saa kumi na mbili na robo hivi, kwa hiyo kati ya adhana ya magharibi na filimbi ya askari alikuwa na dakika 40, na watu wakati huo wanafuturu, hawanunui nyama. Akaamua kuwasha jiko saa tisa alasiri, auze ya kubeba nyumbani. Ukipita pale mchana wa funga, harufu ile, na yeye mwenyewe amefunga, anapepea jiko uso kaugeuza pembeni. Alifika theluthi ya mauzo yake ya kawaida. Kafyu ilipoingia mwezi wake wa pili akauza friji. Lakini angalau yeye alikuwa na saa ya kuhamishia biashara. Mtu wa chombo aliyefungiwa bandarini ahamishie wapi?

Nafuu zilikuwapo, tusidhulumu. Kodi ya bidhaa, VAT, ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14. Wenye mshahara usiozidi elfu 24 waliondolewa kodi. M-Pesa ikawa haikati kitu ukituma hadi shilingi elfu moja, nafuu nzuri kwa aliye na hiyo elfu moja. Zisome zote kisha mtafute kaka yako ndani yake. Hana mshahara, hana hati ya malipo, ana mashine ya mkopo na kamba wanaokufa kwenye maji ya ndoo. Kila nafuu ilimpita juu ya kichwa kama ndege ya kwenda uwanja wa Manda.

Na Lamu iliijua kafyu kabla ya korona. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni Juni 2014, mwezi uliofuata mkawekewa kafyu kwa ajili ya usalama, na wavuvi wa usiku wakakaa ufuoni kwa miezi wakitazama maji. Mtu aliyekwisha kukatazwa bahari mara moja, akisikia tangazo la pili haulizi kirusi ni kitu gani. Anauliza mara hii ni miezi mingapi.

Wewe na kaka yako nyote mmepita chuo cha Kurani, kwa hiyo kisa hiki mnakijua. Mwaka wa 18 Hijria Sayyidna Umar alikuwa safarini kwenda Sham. Alipofika Sargh akapata habari ya tauni, ile ya Amwas. Akawashauri watu, wakahitilafiana, akaamua kurudi. Abu Ubayda, kamanda wa jeshi la Sham, akamuuliza: wakimbia kadari ya Mungu? Akamjibu, twakimbia kutoka kadari ya Mungu kwenda kadari ya Mungu. Kisha akaja Abdulrahman bin Auf na hadithi ya Mtume, kwamba mkisikia tauni iko nchi fulani msiingie, na ikiwakuta mlipo msitoke kuikimbia. Hotuba zote za 2020 ziliishia hapo. (Hotuba za simu, maana misikiti ilikuwa imefungwa. Na ilipofunguliwa Julai ikawa watu mia, saa moja, na asiingie aliyezidi miaka 58. Mimi nilikuwa na 62. Nikarudishwa mlangoni na kijana niliyemfundisha kuandika jina lake.)

Lakini Umar wa safari ile ndiye Umar wa Mwaka wa Ramada, na ilikuwa ni miaka hiyohiyo. Njaa iliingia Madina. Akaagiza chakula kutoka Sham na kwingineko, na inasimuliwa kwamba Abu Ubayda huyohuyo alikuwa miongoni mwa waliotangulia kufika na ngamia wa chakula. Akajizuia samli mpaka watu wote waipate. Na adhabu ya kukata mkono wa mwizi akaisimamisha, kwa kuwa mkono unaoiba kwa njaa hauhukumiwi kama mkono ulioshiba. Tulisomeshwa nusu ya kisa, ile ya kukaa mlipo. Nusu ya anayewalisha waliokaa, na ya sheria kulegea panapokuwa na njaa, sikumbuki kuisikia redioni.

Badala yake tulipata nini? Siku ya kwanza ya kafyu, tarehe 27 Machi, watu waliokuwa wanakimbilia feri ya Likoni walipigwa virungu na kutupiwa gesi ya machozi, wakarundikana wakikohoa nyuso kwa nyuso, na kisa chenyewe ni kuzuia watu wasirundikane. Siku tatu baadaye mtoto wa miaka 13 aliuawa na risasi ya polisi Nairobi akiwa kwenye baraza ya ghorofa ya nyumba yao. Kisha waliovunja kafyu wakatishiwa kutiwa karantini siku 14. Hapo, mwanangu, ndipo mambo yalipovunjika. Ukishaifanya karantini kuwa adhabu, na ukamtoza mtu elfu mbili kwa siku kwa kuadhibiwa, umemfundisha kila mtu kwamba mgonjwa ni mhalifu na jirani ni mpelelezi. Kaka yako hakuwa mfungwa, lakini alitembezwa kama mfungwa, na mtaa mzima ukashuhudia.

Sitaki ufikiri nakaa juu ya kiti nikihukumu. Ramadhani ile mimi niliswalisha tarawehe uani kwangu, wanaume tisa, mlango umekomewa, sauti chini. Hakuna aliyeugua. Simaanishi ilikuwa sawa. Nimekueleza tu ujue anayekushauri ni nani.

Sasa radhi. Usiombe radhi kwa kutoa habari. Mwenzako wa kazini hapo ana haki. Omba radhi kwa ngazi. Kati ya chumba ulichotandika na dari uliyopandia kuna ngazi, na kaka yako alikuwa chini. Ulipita juu yake. Hukushuka kumwambia: kaka, umetoka Mji wa Kale, mama ana pumu, kitanda kiko juu, panda sasa hivi, na kesho nitawaambia wakubwa wangu ukiwa humo. Labda angekataa. Labda angekutukana. Basi ungepiga simu baada ya hapo na moyo mweupe. Ulimnyima nafasi ya kukubali mwenyewe, na hiyo ndiyo inayomuuma zaidi ya mashine, nadhani, ingawa atazungumzia mashine.

Kuna la pili, nalo ni la pesa, na hapa wengi wataniona nimekosa akili. Ile karantini ilikuwa ya kumlinda nani? Mama. Mama wa nani? Wenu nyote wawili. Basi kwa nini gharama ya kumlinda ilibebwa na mmoja? Siku 14 kwa elfu mbili ni elfu 28. Nusu yake ni yako. Sikwambii ulipe mashine, wala usiite fidia, maana hukumwibia. Ni fungu lako lililochelewa. Kwa posho ya mhudumu elfu 14 haitoki mara moja, itatoka kidogo kidogo, hata iwe mwaka. Uwezo wako waujua wewe.

Kwa haki kabisa mtaa mzima ungechanga. Nyumba zote za Langoni zilikuwa salama zaidi kwa sababu mtu mmoja aliondolewa, wala hakuna aliyempelekea hata sahani ya wali kule bara. Kama BMU yenu, ile jumuiya ya wavuvi ya kusimamia ufuo, ina sanduku, pelekeni hoja hii kabla haijaja dharura nyingine: mwenye chombo atakayewekwa ndani kwa ajili ya wengine, kuna nini cha kumwekea? Wakikucheka, wacheke.

Amesema useme mbele ya watu. Mwenzako anaona ni kukudhalilisha. Mimi naona kaka yako kapiga hesabu sahihi: alivunjiwa heshima mbele ya watu, na radhi ya jikoni haitoshi kuirudisha. Ila isiwe harusini. Harusi ni ya binti, msimletee kesi. Iwe kabla, mchana, kwenye daka la nyumba yenu palepale alipotolewa, mama akiwapo, na wazee wawili wa mtaa, na ikiwezekana mmoja wa waliokuwa wakichungulia madirishani siku ile. Sema maneno machache: sijutii kumwogopea mama, najutia kwamba sikukuambia wewe kwanza. Akitaka useme "nilikosea" tupu, bila maelezo, usiseme. Mwambie lile la abiria nalo liko, na kwamba hukulileta barazani kwa sababu hukuja kushindana.

Na yule mama aliyekuzuia mlangoni habari ya mpox. Mwenzako asema ukiomba radhi watu hawatatoa habari. Mama yule ameshaacha kutoa habari, na ni kwa sababu aliona mwisho wa habari iliyotolewa. Rudi kwake. Mweleze mpox si korona: huambukiza zaidi kwa kugusana ngozi na ngozi, kwa shuka na nguo za mgonjwa, kwa hiyo haihitaji kufunga bahari wala kuzima majiko ya watu saa moja usiku. Inahitaji mgonjwa apate chumba chake, vidonda vifunikwe, na mtu wa kumletea chakula. Kisha mwambie utafanya nini kabla ya kumpigia mtu yeyote simu. Mpe ahadi hiyo kwa mdomo wako, kwa sababu wizara haitampa.

Usitume watu tena. Nenda mwenyewe kwa kaka yako, asubuhi mapema, kabla hajashuka ufuoni kwa wenzake. Chukua fungu la kwanza la pesa ulilonalo, hata likiwa elfu mbili. Ni siku moja ya zile siku zake. Usianze na korona, wala na mama, wala na harusi. Anza na kile kitanda cha juu. Kwa ulivyoniandikia, hajui kwamba kilikuwa kimeshatandikwa. Mweleze jagi ulipoliweka, na kama wakumbuka, shuka lilikuwa la rangi gani.

Ami, Malindi